Mama Barafu na Maji ya Mwezini

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa niaba ya familia tunawasimulia kwa ufupi maisha ya mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Barafu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mshona nguo, akasoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1985 akahitimu shahada ya kemia, akaajiriwa kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mji.

Mwaka 1994 alihamia taasisi ya utafiti wa anga, katika kikundi kilichounda mtambo wa kuchimba udongo wenye barafu mwezini, kuupasha moto, kuukamata mvuke na kupata maji ya kunywa na ya kutengenezea nishati ya roketi, na kwa kuwa udongo wa majaribio ulihifadhiwa katika chumba cha baridi, siku moja kilipoharibika akaletwa fundi friji, kijana mpole, na tangu siku hiyo chumba kile kikawa kinaharibika kila wiki bila sababu ya kueleweka, hadi wawili hao walipofunga ndoa tarehe 7 Desemba 1996, kikapona kabisa. Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka 2009, wageni waliokuja kuamua kama mradi uendelee wakiwa mlangoni, maji ya majaribio yalitoka maangavu lakini yakinuka kidogo, mkuu wake akamsihi ayaweke tu mezani, naye akayamwaga kwenye sinki mbele ya wote, akisema, "Huko juu hakuna jirani wa kuombwa maji mengine." Mradi ulisimamishwa, wenzake wakamnunia, akalia jikoni kwake, lakini hakukata tamaa, akahangaika na chujio miaka miwili katika stoo waliyobakiziwa, hadi maji yakatoka safi, akanywa glasi ya kwanza yeye, na mkuu wake ya pili, mradi ukafufuliwa.

Alistaafu mwaka 2021, na mwaka jana akaanza kusumbuliwa na moyo. Tarehe 3 mwezi huu, akiwa amelazwa, binti yake alimsomea ujumbe kwamba mtambo umetua mwezini na umetoa maji, hayajai kikombe, lakini ni safi. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, kisha akasema, "Haya, waambie vijana wangu wa kazini sasa wale chakula, walale." Alifariki asubuhi iliyofuata, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotufungulia milango yao, na wafanyakazi wenzake, ambao kwa kuwatazama tu tunaona bado hawajalala.

Umetulea, umetuchekesha, kazi umeimaliza. Sasa pumzika, Mama, kwa amani.