Orrin Cagle na Maiki ya Kushoto

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu wiki yangu ya kwanza katika redio hii: mtu akivuta pumzi. Ni ile pumzi fupi ambayo mwimbaji huivuta kabla ya kuingia kwenye wimbo. Orrin Cagle alikuwa amekwisha kuvuta yake, nami niliisikia kwenye hedifoni, upande wa kulia. Kisha upande wa kushoto, ambako kulikuwa na kiti kitupu, ikavutwa nyingine.

Ijumaa tarehe 30 Machi 1979, Orrin alistaafu baada ya kuimba hapa Pell Fork kwa miaka arobaini na minne. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kukaa nasi muda mrefu hivyo, na katika milima hii ya Kentucky sidhani kama kuna jiko ambalo sauti yake haijawahi kusikika humo kabla ya kifungua kinywa.

Alizaliwa Sawyer Creek, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Mwaka 1935, akiwa na miaka kumi na tisa, aliteremka mlimani juu ya lori la makaa pamoja na mdogo wake Delphia, wa miaka kumi na saba, na gitaa lililoviringishwa kwenye blanketi. Walikuwa wameimba kanisani tangu utotoni. Orrin alishika sauti ya kwanza, Delphia ya pili, na walivyoimba hukuweza kujua mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Meneja wa wakati huo aliwawekea maiki mbili, ya kulia ya kaka, ya kushoto ya dada. Akawapa kipindi cha saa kumi na mbili na robo asubuhi, ambacho mpaka leo ndicho kinachofanya watu wa wilaya hii watufungulie redio: matangazo ya vifo, na wimbo mmoja kwa kila marehemu.

Kazi hiyo ina hatari zake. Mwaka 1941 Orrin alimwimbia Clell Hatcher, mchonga mipini ya mashoka, ambaye hakuwa amekufa. Aliyekufa alikuwa binamu yake wa jina hilohilo. Simu ililia katikati ya ubeti wa kwanza. "Mwambieni Orrin mimi ni mzima," alisema Clell, "ila asiukate wimbo. Amalizie, nitakapokufa kweli sitausikia." Orrin aliumalizia. Clell alipofariki miaka ishirini baadaye, aliimbiwa ubeti wa pili tu, kwa kuwa wa kwanza alishapata.

Februari 1949 mto ulifurika. Delphia alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, na asubuhi ile alichelewa. Orrin alisoma majina, akaanza wimbo peke yake. Kwenye kiitikio, sauti ya pili ikaingia mahali pake. Hakugeuka, maana mwimbaji hageuki katikati ya wimbo. Alidhani mdogo wake ameingia kwa mlango wa nyuma na kuvua viatu vyake vilivyolowa, kama kawaida yake, ili asipige kelele. Walipomaliza aligeuka kumkaripia. Kiti kilikuwa kitupu na sakafu ilikuwa kavu. Saa moja mkuu wa polisi wa wilaya alikuja, kofia mkononi. Gari la Delphia lilikuwa limesombwa darajani zaidi ya saa moja kabla ya kipindi kuanza.

Tangu siku hiyo Orrin hajaimba na mtu mwingine, na ni mwiko kuizima maiki ya kushoto kipindi kikiwa hewani. Delphia hakuimba tena. Husikika pumzi tu, halafu kimya, kama mtu aliyefika mlangoni akasita kubisha.

Mwaka 1952 kampuni moja ya santuri ilimwita Orrin Nashville. Kama alikuwa na bahati ya umaarufu, ilikuwa ile. Aliimba wimbo mmoja mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja kanda ilinasa kitu kilekile. "Nani huyo anavuta pumzi?" mtayarishaji alifoka. Walimtoa mpiga fidla nje. Wakamtoa mpiga besi. Mwisho alibaki Orrin peke yake na maiki moja, na pumzi ikasikika. Walimlipa nauli ya basi. Mara ya mwisho nilipomsikia akisimulia habari hiyo alikuwa anakula mkate na soseji na kucheka. "Walitaka mtu mmoja," alisema, "nami sijawahi kuwa mmoja."

Waliomsikia akiimba hawahitaji kuelezwa na mimi. Alikuwa na namna ya kulichelewesha neno la mwisho la mstari, kama anayemshika mtu mkono stesheni hadi treni inaanza kuondoka. Wajane walimwandikia kwamba hawakulia makaburini, walilia siku waliyomsikia Orrin.

Nilipoajiriwa kama fundi mitambo miaka miwili iliyopita, nilifanya kosa ambalo hufanywa na kila mgeni hapa. Niliona mshale unaopima sauti ya maiki ya kushoto ukiruka wakati hakuna mtu, nikadhani ni waya mbovu, nikaizima. Orrin aliacha kuimba papo hapo, hewani, akakaa akinitazama kupitia dirisha la studio. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa anangoja. Simu ikalia. Alikuwa Bibi Icie Pruitt wa Tanner Ridge, mgonjwa wa pumu, ambaye kwa miaka mingi hakukosa kipindi hata kimoja.

"We binti, ndiye mpya?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mfungulie mwenzio mlango. Nje baridi."

Niliiwasha. Pumzi ikavutwa, Orrin akaendelea pale alipokuwa ameachia.

Januari mwaka huu daktari alimwambia Orrin koo lake halitafika kiangazi. Meneja wetu, Bwana Mullins, kwa nia njema kabisa, alitangaza kikaoni kwamba maiki ya kushoto itawekwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, na kibao chenye majina ya ndugu hawa wawili, ili wageni waione. Tulipiga makofi. Orrin naye alipiga. Baadaye nilimkuta jikoni ameshika kikombe cha kahawa iliyokwisha kupoa.

"Kabati zuri lile, mwanangu," alisema. "Wamelifunga vizuri, hata vumbi haliingii." Akaimwaga kahawa kwenye sinki. "Ila ndani ya kioo hakuna hewa."

"Mwambie Bwana Mullins, mzee."

"Nimwambie nini? Kwamba mdogo wangu atakosa pumzi?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mali ni ya redio. Mimi siombi."

Tangu siku ile alianza kukosea maneno ya nyimbo alizoimba miaka arobaini. Koo lilikuwa zima bado. Alikuwa haishi kugeuka kutazama kushoto.

Ijumaa ya mwisho kulikuwa na jina moja tu la kusoma: Bibi Icie Pruitt, aliyefariki Jumanne. Orrin alilisoma polepole. Alivuta pumzi. Mshale wa kushoto ukaruka, nami nikaitambua pumzi ya Delphia, kwa kuwa nimeisikia kila asubuhi kwa miaka miwili. Kisha mshale uleule ukaruka tena. Ya pili ilikuwa fupi, yenye mkwaruzo, ya mtu wa pumu. Orrin aliimba beti zote nne bila kukosea hata neno.

Kwa niaba ya wote waliofanya kazi naye, na ya kila nyumba iliyowahi kusikia jina la mtu wake likitoka kinywani mwake, tunamshukuru. Tunamwombea siku ndefu zisizo na saa ya kuwahi, samaki wengi Sawyer Creek, na baraza lenye upepo.

Bwana Mullins alikuwa amepanga kuifungua maiki kwenye stendi na kuiweka kabatini Jumatatu. Jumapili alasiri niliingia studio kwa ufunguo wangu, nikaifungua mimi kwenye stendi yake, nikaiweka kwenye kiti cha mbele cha gari langu, nikapanda nayo mlimani hadi kwa Orrin. Orrin aliitazama, akauliza, "Mullins anajua?" Nikamjibu kwamba atasoma kwenye jarida hili letu la redio. Sasa iko barazani kwake, kushoto kwa kiti chake. Haijaunganishwa na waya wowote. Hata njiani haikuwa imeunganishwa na chochote, ilipovuta pumzi kando yangu pale darajani. Niliteremsha kioo cha dirisha, tukaendelea na safari.