Gari la Ferdinand Kaumba Lililotembea na Watu

Ndugu waombolezaji, Ferdinand Kaumba Ngoie aliiaga dunia siku ya Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, hapa Kamina. Wale wa kule Base, kambi ya wanajeshi, wanaosema alikufa Ijumaa jioni wameambiana hivyo kwa sababu hawakuona taa nyumbani kwake, na karatasi ya hospitali inayosema saa moja imeandika saa aliyoingia daktari, si saa aliyotoka mgonjwa, kwani kengele ya misa ya kwanza ilikuwa imekwisha kulia na muuguzi wa usiku, mama Précieux, alikuwa bado hajakabidhi zamu alipomfunga macho. Hilo sasa likae hivyo, na yeyote atakayelisimulia kwa namna nyingine, tumwache na lake.

Marehemu alizaliwa Kabongo tarehe 19 Novemba 1951, baba yake akiwa mzee Kaumba, mfanyakazi wa reli, ambaye alihamishiwa Kamina mwaka 1957 pamoja na jamaa yake yote. Alisoma shule ya msingi ya misioni kuanzia 1958 hadi 1964, kisha akajifunza ufundi wa mashine, na tarehe 3 Aprili 1972 akaandikwa kazi katika karakana ya reli, akaitumikia kwa uaminifu hadi alipostaafu mwaka 2006. Alifunga ndoa na Francine Masengo hapa Kamina, Jumamosi ya tarehe 14 Agosti 1976, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kitwa, ambaye hakufikisha mwaka mmoja, na Abigaïl, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1980, naye ndiye huyu aliyeketi hapa mbele.

Mwaka 1983 marehemu alinunua Peugeot 404 ya aina ya break, ile yenye mgongo mrefu, ili Francine aweze kwenda kuwasalimu watu wake Kabongo bila kuomba nafasi juu ya magunia ya mahindi. Gari hilo lilikuja na ponti ndefu, na wasiojua gari waelewe kwamba ponti ni yale meno ya nyuma yanayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Katika ponti ndefu, injini huzungusha mhimili wake mara nne na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja, gari likakimbia bila kujichosha, na katika ponti fupi mhimili huzunguka karibu mara tano, gari likapata nguvu na utulivu, lakini barabarani injini hulia kama mtu anayepigwa.

Marehemu mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyopima ponti yake mara ya kwanza, akainua gurudumu moja tu na kuliacha lingine chini, akapata hesabu ya mara mbili na kidogo, akazunguka karakana nzima akijisifu kwamba gari lake litaipita treni, mpaka mwenzake Lucien Tshibangu alipomwambia mbele ya watu wote, "Ferdi, weye unapima na muguu moja chini, nyanyua yote mbili kwanza, njo ukuye kutuimbia!" Karakana ilicheka juma zima, kwani gurudumu la juu likiwa peke yake huzunguka maradufu na hesabu hutoka nusu, naye alicheka nao.

Francine alifariki kwa homa tarehe 21 Oktoba 1999. Siku ya mazishi liliazimwa lori, na dereva wake, ambaye hakuwa mtu mbaya, hakuweza kulitembeza polepole katika mchanga, akaogopa kukwama, akakimbia, na watu wakakimbia nyuma yake ndani ya vumbi, wazee wakaachwa njiani, hata jeneza likafika makaburini peke yake na kungojea waliompenda. Marehemu alilitazama jambo hilo na hakumlaumu mtu, lakini kabla ya Noeli alikuwa amepata meno ya ponti fupi ya camionnette, gari dogo la mizigo, akayatia katika gari la mke wake, na tangu siku hiyo gari lile likaweza kwenda mwendo wa bibi mwenye fimbo bila kuzimika na bila kunuka embrayage, yaani klachi.

Hivyo, kwa miaka ishirini na mitano, jeneza likiwa nyuma ndani ya gari hilo, Ferdinand aliwasindikiza wafu wa mji huu, wa familia za reli na wa familia za wanajeshi, bila kuuliza mtu ametoka jimbo gani. Vijana wa pikipiki walimpigia kelele, "Papa Ferdi, tortue iko inakupita!" yaani kobe, naye alitoa kichwa dirishani na kujibu, "Acha ipite, yeye habebe muntu!"

Lakini mwaka 2003, Abigaïl alipoolewa na bwana Dany na kuhamia Lubumbashi, baba yake alimwahidi mbele ya wakwe kwamba atakwenda kumwona kwa gari la mama yake, na kulisimamisha mbele ya mlango wake. Ahadi hiyo ilihitaji ponti ndefu, kwa maana kwa ponti fupi injini ile iliyozeeka ingekufa kabla ya nusu ya njia, na kurudisha ponti ndefu kulikuwa kuuacha mji bila gari la kutembea na wafu wake. Mwaka 2011, mjukuu wake wa kwanza alipobatizwa, marehemu alikwisha kufungua boliti, ndipo akafariki mke wa sajini Bokungu, mgeni asiye na ndugu hapa, naye akazikaza boliti tena. Mwaka 2018 ikawa hivyo hivyo. Abigaïl alimwambia kwa simu, "Papa, weye unatembezaka bale balikufa polepole, na siye bazima utatufikia lini?" na baada ya hapo simu yake ikawa ya Noeli tu.

Marehemu alikula peke yake, alifagia ua wake peke yake, na siku za Jumapili alikaa ndani ya gari lililosimama, upande wa abiria, na majirani wakajua kwamba saa hiyo si ya kumsalimu.

Jumatano, tarehe 5 Februari, alishikwa na maumivu ya kifua, akapelekwa hospitali, akatutoka kama tulivyosema, na Abigaïl akafika Jumapili, akaketi bila kulia. Jioni hiyo Lucien alipolijaribu gari kwa ajili ya leo, likaruka, likazimika, likaruka tena, akalala chini yake kwa muda mrefu, akatoka na matope mgongoni na kusema, "Minyi nilizani embrayage imekufa. Kumbe muzee alirudisha ponti ndefu." Nyuma ya nyumba tukakuta ponti fupi imefungwa katika gunia, imepakwa mafuta ili isipate kutu, na ndani ya gari kulikuwa na mikate ya safari.

Lucien alitaka kuibadilisha usiku kucha, na wengine walisema tuazime lori, lakini Abigaïl alisimama akaweka mkono juu ya gari, akasema, "Muache vile aliiacha. Alikuwa anakuya kwangu." Hapo ndipo alipolia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa mama Précieux, majirani waliompelekea maji, wanakwaya, wastaafu wa reli, na jamaa za Base waliokesha nasi.

Mwishoni tunawaomba jambo moja. Injini haitawashwa leo. Lucien atashika usukani, Abigaïl atakaa upande wa abiria, nasi tutalisukuma kwa mikono, wazee wa reli upande wa kushoto, wanajeshi upande wa kulia, wenye nguvu nyuma penye mchanga, na atakayechoka ampishe mwenzake, kwa maana hatufuati saa.

Ferdinand, baba yake Abigaïl, amani ya Mungu ikupumzishe. Ndugu, simameni, tushike gari.