Papa Ezéchiel Hakupata Zamu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Ezéchiel Cirhuza, mwokoaji wa kujitolea wa Bagira. Tumemzika Jumamosi. Nawaambia mapema: maneno matamu leo sina. Nina hasira.

Ezéchiel alikuwa seremala. Lakini nyumba ikiungua, au mvua ikiangusha kilima juu ya watu, aliacha randa mezani akakimbia na wenzake. Walichimba kwa majembe, hata kwa mikono. Waliofukuliwa wakiwa wamekufa, ni wao waliowabeba.

Yeye ndiye aliyeanzisha kikao. Nasema tena: kikao kilikuwa chake. Baada ya kila kazi, hakuna kwenda nyumbani kabla ya kunawa mikono, kuketi katika karakana yake, na kila mtu kusema jambo moja lililomuumiza. Watu walicheka, eti wanaume wazima wanakaa kulizana. Fabiola, mmoja wa waokoaji, anawajibu: "Bila ile kikao, mie ningeacha kazi. Ao ningeacha akili."

Sasa sikilizeni kosa. Kwetu mkutano haufungwi bila sala, na anayeomba ni mkubwa. Mkubwa alikuwa Ezéchiel. Basi wengine wakishasema, yeye aliambiwa: "Papa, utufungie na sala." Naye alifunga. Miaka yote hiyo aliwasikiliza wote, na yeye hakusema hata neno lake moja!

Mwaka huu udongo ulifunika familia nzima. Siku hiyo alijaribu. "Leo na mimi niko na neno," alisema. Mvua ilikuwa imekaribia, watu wanatazama njia. Jacques, anayemfuata kwa umri, akamwambia: "Tutasikia siku ingine, Papa. Utuombee kwanza." Akasimama, akaomba. Haukupita mwezi, akaanguka karakanani.

Daktari anasema ni tansio, shinikizo la damu. Mjane wake, Maman Eulalie, anasema: "Alikuwa analalaka macho wazi. Nikimuuliza, ananijibu, 'Niko muzuri.' Benye alikuwa anachimbaka nao, bale ndio angeambia." Yaani wale aliochimba nao, hao ndio angewaambia.

Kinyozi hajinyoi. Mithali hiyo tunaijua sote, na bado hakuna aliyeshika wembe. Inaudhi, jamani. Inaudhi!

Baada ya mazishi, waokoaji walikuja matangani na hotuba ya sifa. Maman Eulalie akawakatiza: "Sifa muache. Mukae, kila mutu aseme." Wakasema, mmoja mmoja. Kisha Jacques, ambaye sasa ndiye mkubwa wao, akainuka afunge kwa sala. Maman akamshika mkono.

"Kaa, Jacques. Ya kwako hatujasikia."

Jacques alikaa. Alilia kwanza, ndipo akasema.

Maman Eulalie, watoto, na ninyi waokoaji wa Bagira: poleni. Poleni sana. Mungu ampumzishe Ezéchiel. Nawe unayenisikiliza, huenda nyumbani kwako yuko mtu anayebeba mizigo ya wengine. Leo usimwombe akuombee. Muulize habari zake, kisha ukae mpaka amalize.