Mama, unaikala wapi?

Bamama zangu, aksanti kwa kunipatia fasi. Musikasirike, mi sitasimama. Najua kwetu hapa, mu kikundi ya bamama ba kanisa, mwenye kushuhudia anasimama mbele, anavuta kikwembe yake kiunoni vizuri, anakohoa kidogo, kisha anaanza. Mi leo nitashuhudia paka hivi tu, naikala pa kiti yangu. Mukisikia habari yote, mutajua juu ya nini.

Nitafanya nguvu kuipanga vizuri, lakini nabaambia mbele: hii habari, hata mi mwenyewe siielewe yote. Bwana yangu ananicheka, "Weye utaenda kushuhudia kintu yenye hujue?" Namujibu, ndiyo, nitasema yenye niliona, ingine Mungu atajaza. Na majina sitataja hata moja. Mama wa karibu na dirisha, sukuma kidogo ile dirisha, ifunge. Munacheka nini? Ni juu ya upepo, nasema!

Basi. Benye kunijua zamani banajua nilikuwa mama wa kambi ya kompani. Bwana yangu alikuwa anafanya kazi kule shaba inayeyushwa. Asubui king'ora inalia, anaenda, na mi nafungua robine yangu ya mayi mu lupango ya nyumba, nafua, naimba. Mayi ilikuwa inatoka tu. Nani anawaza mayi yenye kutoka?

Kisha muguu ya bwana yangu ikapata kidonda. Ilianza kidogo pa kisigino, sawa vile kiatu mupya inakula muntu. Ikakataa kupona, ikapanda. Akashindwa kusimama, na kazi yake ilikuwa ya kusimama. Sina neno na kompani, siyo mambo ya leo. Nyumba ya kambi iko ya mwenye kufanya kazi, na yeye hakufanya tena. Tukafunga bintu, tukatoka.

Tulipata nyumba kule mwisho, fasi avenyi, njia za mutaa, zinaingia mu majani. Robine ilikuwa moja kwa bantu bote, pa kona, na kufuli ya chuma juu yake. Fungulo ilikuwa mu mufuko ya shefu ya avenyi. Siku ya kwanza nilienda na ndoo yangu, nikaingia mu mulongo sawa bamama bengine. Nikafika mbele. Shefu akaniangalia mu uso, akaniita mwananchi, vile Parti ilitaka tuitane siku zile: "Citoyenne, unatoka wapi?"

Nikasema, "Natoka kambi."

"Siulize ile. Baba yako anatoka wapi?"

"Kasai."

"Aaah. Basi, ngoja. Benye kuikala hapa njo ba mbele. Benye kukuya, bageni, kisha."

Ndugu zangu, nabaambia ukweli, nilizani anacheza na mi. Mi nilizaliwa hapa Lubumbashi! Kule Kasai nilifika mara moja tu, nikiwa mutoto, na nililia juu ya kurudi kwetu. Bashangazi balicheka mpaka kushika tumbo, juu Ciluba yangu ilikuwa inachanganyika na Kiswahili. Kule baliniita mutoto wa Katanga. Hapa naitwa muntu wa Kasai. Sasa mi niko wa wapi? Wa mu treni?

Nikangoja. Lakini ile "kisha" ya shefu haikufika. Mayi ilikuwa inatoka saa kidogo tu, na benye kuikala bakimaliza kuchota, shefu anafunga kufuli, anaenda kunywa chai yake. Sisi benye kukuya, na tulikuwa bengi, tunashuka ku mutoni. Mayi ya mutoni munaijua. Nilikuwa naichemusha, naichuja na kitambaa, na bado inanuka. Na muganga wa dispansere alisha kuniambia, "Mama, hii kidonda inataka kuoshwa kila siku na mayi safi. Ikibaki hivi, batakata muguu."

Muguu ya bwana yangu, bamama! Ile muguu alichezea nayo siku ya ndoa yetu. Alicheza mubaya, alinikanyaga mbele ya bantu bote, lakini ilikuwa muguu yake, na miye niliipenda.

Pale njo nilianguka. Sikuanguka kwa pombe, sikuiba. Nilianguka kwa kunyamaza. Nilikuwa naikala chini mu nyumba, mugongo ku ukuta, nywele hazisukwe, bwana yangu ananiita kutoka kitanda, nasikia, sijibu. Kusali nikaacha. Nilikuwa nawaza, nikienda kwa Mungu na yeye ataniuliza baba yangu anatoka wapi. Siku moja nikasema, "Turudi Kasai." Bwana yangu akauliza, "Kwa nani?" Tukaangaliana. Tulikosa hata jina moja. Tukacheka, kisha nikalia sana.

Sasa nilikuwa na jirani. Huyu ni muntu wa hapa kabisa, bankambo, babu za babu yake, baliikala hapa mbele ya kompani kufika. Pa robine yeye alikuwa wa mbele. Na kila asubui alikuwa ananigawia sufuria moja ya mayi, anaificha chini ya kikwembe sawa vile ni pombe ya kanyanga, juu shefu alikataza. Ilitosha kunywa. Kwa kidonda haikutosha.

Siku moja ya yenga alinivuta na nguvu ku misa. Misa ikisha, masere mumoja mugeni, mutawa, akaongea na bamama. Alituambia kule Amerika bantu beusi balikuwa banakatazwa kula fasi moja na beupe, banakatazwa kuikala mbele mu basi. Basi, siku moja balienda paka pale penye balikatazwa, bakaikala. Habakupiga muntu, habakutukana. Baliikala.

Nikanyoosha mukono. "Masere, bakisha kuikala, banafanya nini?"

"Baliikala, mama."

"Nimesikia. Lakini kisha?"

"Baliikala tu."

Nikashangaa sana. Mi naikala chini mu nyumba tangu asubui mpaka magaribi, na hakuna hata kuku yenye kuniogopa!

Masere alitaja na jina ya ile mambo kwa Kifaransa: droits civiques. Njiani nikauliza jirani, yeye alisoma kidogo, "Ile ni nini?" Akajibu mbio mbio, "Ah, ni sivisme."

Sivisme munaijua bote. Ile batoto banafundishwa ku masomo: kupenda inchi, kuheshimu bendera, kusikia Parti. Nikasema sawa, kumbe beusi ba Amerika baliikala juu ya sivisme. Haikuingia vizuri mu kichwa, lakini siku zile bintu bingi habikuingia. Tukatembea kidogo. Jirani akasimama katikati ya barabara.

"Tuende tuikale," akasema.

"Wapi?"

"Ku biro ya zoni. Kwa komisere, mukubwa wa bashefu bote."

"Weye uko na mayi. Unaenda kutafuta nini?"

Akaniangalia sawa vile nilimutukana. "Nilichoka kuficha sufuria."

Basi tukaenda, kesho yake, bamama benye kukuya na huyu mumoja wa hapa, kila muntu na ndoo yake tupu. Tukaikala chini pa baraza ya biro, miguu mbele, ndoo pa mapaja. Hakuna mwenye alijua kintu gani inafuata. Masere alisema paka kuikala, kisha hakusema ingine. Jandarme, askari wa mulango, akatoka.

"Bamama, munafanya nini?"

"Tunaikala," jirani akajibu.

"Munaikala hapa?"

"Ndiyo, tunaikala hapa."

"Tangu lini? Hii ni biro ya serikali!"

Masikini, yeye alisikia tunasema ile njo nyumba yetu, tunapika na kulala pale. Akaingia mbio, tukasikia analalamika ndani: "Komisere, inje kuko bamama banasema banaikala hapa!"

Komisere mwenyewe akatoka, abakosti yake, ile koti ya bakubwa, imepigwa pasi vizuri. Na nyuma yake, mama weeh, shefu yetu ya avenyi, mwenye alifika pale kwa mambo yake. Alipotuona, akaruka: "Bongo, ni uongo, Citoyen komisere! Hawa habaikale! Hakuna hata mumoja mwenye kuikala!"

Komisere akatuangalia, tuko chini na matako yote. Akamuangalia shefu. "Habaikale?"

"Habaikale hata kidogo!"

Jandarme akageuka ku ukuta, mabega inatetemeka. Komisere hakucheka. Akauliza, "Bamama, munataka nini?" Bamama bote bakaniangalia mi. Nikataka kusimama kwa heshima, miguu ikakataa, ilikuwa na ganzi. Nikasema paka pale chini: "Citoyen, tunalomba sivisme."

Uso ya komisere ikabadirika. "Munakuya kwangu kulomba sivisme? Mi nilikosa sivisme? Nani alibatuma?" Akachukua kitambaa, akapanguza shingo. Mpaka leo sijue alisikia nini mu ile neno. Labda aliwaza kuko mukubwa wa juu mwenye alitutuma tumupime. Mi niliwaza nimeharibu yote, nitalala mu kashoti, mu gereza, na nani ataosha bwana yangu? Woga njo ilinifungua kinywa.

"Hakuna mwenye alitutuma, Citoyen. Nauliza tu, juu sielewe. Siku ya posho, mbele ya yenga, tukiitwa ku salongo, ile kazi ya lazima, kuchimba mifereji ya bote, shefu anapita mulango kwa mulango, anapiga na yangu. Haniulize baba yangu anatoka wapi. Siku ya kuchezea bakubwa ku uwanja, ananiita, nacheza, naimba Parti. Haniulize. Siku zile zote naikala hapa. Nikishika ndoo, siikale tena. Tafazali, nielezeshe. Ni saa gani naacha kuikala hapa?"

Haikukuwa ujanja. Wallahi... samahani, hapa ni kanisa. Lakini nilikuwa nauliza kweli, nilitaka jibu. Nilikuwa nalia, na kamasi inatoka.

Komisere akamugeukia shefu, pole pole. "Huyu mama anaikala wapi?"

Shefu alikuwa na hasira na woga pamoja. Akaninyooshea kidole. "Si yule pale! Anaikala pale chini!"

"Anaikala."

"Ndiyo, Citoyen, anaikala, lakini..."

"Weye mwenyewe ulisema. Kila mwenye kuikala apate mayi." Akaingia, akafunga mulango.

Munapiga mikono? Ngojeni. Sisi hatukupiga. Tulirudi na ndoo tupu, tunabishana njia yote. Alisema "mwenye kuikala." Ni kuikala gani? Ya kuwa na nyumba, ao ya kuweka matako chini? Kama ni ya nyumba, shefu atasema tena hatuna kwetu. Neno ikatembea mu avenyi yote mbele ya magaribi, na kila muntu akaisikia na masikio yake.

Asubui nilifika pa robine, nikazani naota. Bamama bote balikuwa chini, mu matope. Benye kukuya, na bale ba hapa, hata bale bakubwa benye kuheshimiwa, baliogopa mwenye hataikala atakosa mayi! Kila muntu aliikala fasi alifika, mbele ao nyuma. Shefu akakuya na fungulo yake. Akaangalia ile mulongo ya bitambaa bya kichwa, akatafuta nani ni wa wapi, akashindwa. Akasimama vile, anazungusha fungulo mu mukono. Kisha akafungua. Hakuuliza muntu.

Niliingia mu nyumba na ndoo kujaa. Nikamwanga mayi juu ya ile muguu bila kupima, na bwana yangu akapiga kelele, "Mama weeh, ni baridi!" Nikamwambia, "Tulia, ni sivisme." Nikaosha ile siku, na kesho, na siku zote. Kidonda ikafunga pole pole. Habakukata. Leo anachechemea, na kucheza bado hajue.

Masere alipita tena. Nikamwambia sivisme yake ilifanya kazi muzuri. Akaanza kunielezesha, akaacha, akacheka mpaka machozi. Akasema droits civiques ni haki, haki ya kila muntu fasi anaikala. Nikaogopa. "Basi tulilomba kintu ingine?" Akanishika mukono. "Hapana, mama. Mulilomba paka ile ile."

Aksanti kwa masere. Aksanti kwa muganga. Aksanti kwa jirani yangu, yule anatazama chini sasa hivi, mwenye alikuwa na mayi na akaikala na sisi. Na aksanti kwa jandarme, mwenye alipeleka neno vile alisikia. Komisere alitufungulia mayi juu ya woga, ao juu ya roho yake? Sijue. Kintu moja tu nilishika: mi niliuliza nikiwa sielewe. Nilikuwa nangoja kuelewa kwanza, kisha niseme. Kama ningengoja ile, ile muguu haingekuwa tena.

Nimemaliza. Lakini weye, mama, pale mulangoni, mwenye kubeba mutoto mu mugongo. Tangu nilianza nakuona unasimama, unaangalia kama hii kikundi ni ya bale ba zamani tu. Bamama, musogee kidogo. Hapa hakuna mwenye atakuuliza baba yako anatoka wapi. Ingia, mama. Ikala.