Miaka Kumi na Mitatu ya Kurudi Kuwa Fundi

Mzee tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mpima mizigo pale stesheni na mama yake alikuwa mshonaji. Jina la Mzee Gramu alipewa na wateja wake, kwa kuwa aliweza kubishana na mtu mchana kutwa kwa ajili ya gramu moja, kisha akamsindikiza hadi mlangoni wakicheka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958 na kumaliza la saba mwaka 1964. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, naye akakosa. Mwaka 1967 aliingia karakana ya mizani katika mtaa wa maduka ya vyuma. Mwalimu wake wa kazi alimkabidhi kwanza ufagio, kisha kitambaa cha kufutia mawe ya mizani. Bisibisi aliishika mwaka wa pili. Alifunzwa kwa miaka minne, akafanya kazi hapo hapo mitatu zaidi, na mwaka 1974 akafungua karakana yake mwenyewe, mlango wa bluu mkabala na kinyozi.

Tarehe 2 Septemba 1978 alifunga ndoa na mwalimu wa shule ya msingi, bibi yetu mpendwa aliyeketi hapa mbele. Siku ya kujitambulisha, baba mkwe alimtazama juu hadi chini akauliza, "Kijana, wewe ni msomi?"

"Nimesoma hadi la saba, mzee," alijibu. "Nimefunzwa miaka minne. Ila kuulizwa maswali na wakwe, huko sijazoea."

Nyumba nzima iliangua kicheko, na mke akapatikana! Walijaliwa watoto wanne.

Jibu lile halikuwa mzaha mtupu. Mzee Gramu aliyapima maneno kama alivyopima vyuma. Mtaani kwake kinyozi alijiita Profesa wa Nywele, na mshona viatu aliandika juu ya kibanda chake Mtaalamu Bingwa wa Soli. Yeye, mwaka 1986, alitundika ukutani ubao mweusi wenye madaraja manne. Mwanagenzi ni yule anayejifunza. Mzoefu ameifanya kazi mara nyingi. Stadi ni mwenye mikono safi na sahihi. Juu ya wote ni fundi, anayejua kwa nini anafanya anachofanya, na anayeweza kulirekebisha kosa lake mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kujiandikia daraja la juu. Liliandikwa na mwenzako, baada ya kukupima. Kushuka, hata hivyo, mtu angeweza kujishusha mwenyewe.

Vijana wakilalamika kwamba wana miaka mingi kazini, aliwaambia, "Kurudia kosa moja miaka ishirini nako ni uzoefu. Ndiyo maana neno hilo nimeliweka chini."

Mwezi Mei 2009 yakamfika mwenyewe. Kliniki ya mtaa ilimletea mizani ya kupimia watoto wachanga. Alikuwa amekwisha kutengeneza mamia ya aina ile. Akaisawazisha kwa kuibonyeza na kiganja na kuisikiliza springi, bila kuihakiki kwa mawe, akairudisha. Siku ya sita muuguzi mmoja aligundua kwamba kuna mtoto anayenenepa kwenye karatasi lakini mikononi ni mwepesi. Mizani ilikuwa inazidisha gramu mia tatu.

Mtoto yule alitibiwa, akapona. Mzee Gramu hakujificha. Aliirekebisha mizani kwa mawe mbele ya muuguzi yule, akaibeba, wakazunguka pamoja nyumba kumi na moja za watoto waliopimwa juma lile. Kwenye kila mlango alisema, "Kosa ni langu. Naomba tumpime tena." Aliporudi karakana alifuta ubaoni neno fundi mbele ya jina lake, akaandika mwanagenzi.

Binti yake mkubwa, wakati huo stadi, alipiga kelele. "Baba! Wateja watatucheka. Mwenye karakana, mwanagenzi?"

"Wacheke. Kicheko hakina uzito."

Tangu siku hiyo mteja akimwomba amtengenezee mizani, alimwelekeza kwa binti yake. Muuza mboga mmoja hakukubali. "Mwanagenzi gani ana mvi kichwa kizima?"

"Mvi ni umri, dada. Si cheti."

Na cheti akakifuata! Januari 2012, akiwa na miaka sitini, alijiandikisha chuo cha ufundi, kozi ya vipimo ya kila Jumamosi, akaketi dawati moja na vijana waliomwita Babu Prifekti. Mtihani wa kwanza alianguka. Wa pili, Novemba 2014, alifaulu, tena alama za juu. Alikuja karakana akikipepea cheti kama bendera.

"Haya, fundi," alimwambia binti yake, ambaye sasa alikuwa amefikia daraja hilo. "Niandikie."

Binti alikisoma mara mbili. "Hiki kinasema umehitimu, Baba. Mhitimu nitaandika sasa hivi. Lakini tangu mwaka ule, mizani ya mtoto mchanga hujaigusa. Siku utakapoigusa, tutazungumza."

Mzee akamshika bega. "Kumbe nilikufundisha vizuri." Lakini mizani hiyo hakuigusa. Kila ilipoletwa, alitoka nje kununua gazeti. Alikuwa anaogopa, na kila mtu karakana alijua.

Agosti 2021 madaktari walimkuta na ugonjwa wa figo. Alidhoofu, mikono ikaanza kutetemeka. Sote tulidhani neno fundi limemponyoka moja kwa moja. Ndipo tarehe 9 Februari 2022 muuguzi yule yule, sasa mkuu wa kliniki, alipoingia na mizani kifuani.

"Nataka aitengeneze Mzee Gramu."

"Mama, unanikumbuka lakini?"

"Nakukumbuka sana. Wengi wamewahi kunikosea. Aliyekuja mlango kwa mlango ni mmoja."

Mzee alikaa kitini siku mbili, akaifungua yote. Binti akapanga mawe tisa, kuanzia gramu hamsini hadi kilo kumi. Jiwe la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu sawa! La nne likazidi gramu kumi.

"Kliniki wataikubali tu hii," mmoja wa vijana alinong'ona.

"Fungua," alisema Mzee.

Akaibadilisha springi, akawaeleza hatua kwa hatua kwa nini ile ya kwanza ilikuwa imechoka, mikono ikitetemeka na sauti ikiwa imara. Alasiri mawe yote tisa yalisema kweli. Binti alichukua chaki bila kuulizwa, akaandika FUNDI kwa herufi kubwa, na karakana ikalipuka kwa vigelegele hadi kinyozi akaja mbio na mkasi mkononi, akidhani kuna ajali!

Baada ya hapo aliziomba mwenyewe mizani za watoto. Alitengeneza nne zaidi kabla ya kulazwa tarehe 3 Juni. Alifariki tarehe 26 Juni 2022, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, kaka mmoja, na mafundi kumi na wawili waliopimwa kwenye ubao wake. Muuguzi mkuu ametuomba tuseme kwamba leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, kliniki imepima watoto kumi na wanane juu ya mizani ile, na kabla ya kumlaza mtoto wa kwanza alipanga mawe tisa. Yote yamesema kweli.

Fundi wetu na apumzike, kwa amani aliyoitolea jasho.