Mwalimu Urbanus Ndeti, Kapteni wa Msimu wa 1928

Mwalimu Urbanus Ndeti alizaliwa Muthetheni mwaka wa 1908, kifungua mimba wa Mzee Musembi. Kitambulisho kilisema ni Januari mosi. Yeye alisema karani alichoka kuuliza.

Alijiunga na chuo cha walimu mwaka wa 1926, na miaka miwili baadaye akawa kapteni wa timu ya kandanda. Msimu ule walicheza miguu mitupu na kushinda mechi sita mfululizo. Golikipa wao, Wathome, alikuwa rafiki yake, chanda na pete. Asubuhi ya fainali, Jumamosi tarehe 16 Juni 1928, Wathome aliamka na homa kali. Sheria ya chuo ilitaka mgonjwa aripotiwe kwa mwalimu. Kapteni alimwambia, "Vumilia leo tu, kesho utalala." Walishinda bao moja kwa nunge. Wathome alifariki Jumatatu tarehe 25. Ndeti ndiye aliyepeleka habari kwao, na kwa woga akamwambia Syokau, mama yake Wathome, kwamba kijana alikuwa mzima hadi mechi ilipokwisha. Mwalimu mwenyewe aliagiza haya yasomwe mbele yenu bila kupunguzwa neno.

Alifundisha Muthetheni na Ndithini kuanzia 1929 hadi 1963. Kabla ya kila mechi aliwapanga wachezaji mstari na kuwagusa kipaji cha uso, mmoja mmoja, kwa mgongo wa mkono. Mwenye joto alikaa chini, apende asipende. Siku moja huko Ndithini aliwakalisha watano, na waliobaki wakafungwa mabao tisa. Wazazi walinung'unika, wanafunzi wakambandika jina la Daktari, naye akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Alifunga ndoa na Mutheu tarehe 10 Februari 1934. Mkamba humpa mwana wa kwanza jina la babu yake. Yeye alimwita wake Wathome, ndiye huyu anayewasomea. Mzee Musembi aliuliza, "Nimekosa nini mpaka jina langu lirukwe?" Kwa miaka miwili hakula chakula kwa mwanawe.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Mwezi uliopita alimwita Mbinya, dada mdogo wa yule golikipa, kutoka Masinga, akamweleza ukweli na kumwomba msamaha.

"Mama ndiye aliwaletea muthokoi hiyo asubuhi ya mechi," Mbinya alisema. "Alikufa akijua ni chakula yake iliua mtoto. Miaka ishirini na tatu, hakupika muthokoi tena. Si ungekuja ukamwambia, Ndeti?"

Aliondoka bila kugusa chai. Mwalimu hakuwa amejua hayo, na alilia kwa uchungu mwingi. Alimtumia ujumbe mara mbili, lakini jibu halikuja. Alifariki Jumatano tarehe 9 Septemba 1998, saa tatu asubuhi, macho yakiwa mlangoni.

Juzi, familia ikiandaa ratiba hii, Mbinya alifika akiwa na kikapu chake, akaomba asomewe orodha ya jamaa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Bado mmoja. Andika vile nitakuambia."

Mwalimu ameacha mjane wake Mutheu, watoto sita, wajukuu ishirini na watatu, vitukuu tisa, na dada yake, Mbinya.

Mungu ampe Mwalimu pumziko la amani.