Nilitetea Tasnifu Yangu Kwanza Shauri Moyo

Bwana asifiwe, watu wa Shauri Moyo! Asifiwe tena! Mimi ni Mueni, binti wa marehemu Mutua mchonga vinyago. Leo naitwa daktari, lakini ni wa utafiti, si wa sindano, kwa hivyo msinipangie foleni na vikohozi vyenu baada ya ibada!

Ndugu zangu, nimewakosa. Nilipoingia nimesikia ile harufu ya mabati yaliyopigwa na jua, nikakumbuka kina mama na kayamba zao, sisi watoto tumebanana benchi la mbele, na shuhuda zilizoendelea hadi matumbo yakanguruma. Raha iliyoje! Sikujua kwamba hapo nilikuwa darasani.

Nilisomea uzamivu, katika utafiti wa kifua kikuu. Vijidudu vyangu vilikataa kuota maabarani. Vikiota, vinaingiliwa na ukungu, natupa, naanza upya. Nililia hadi wenzangu wakazoea. Wao walimaliza, wakapata kazi. Hatimaye nami nikapata matokeo, nikaitwa kuitetea tasnifu yangu mbele ya watahini. Nilionyesha yaliyofaulu tu, maana niliona haya. Wakauliza, "Na kabla ya hapa ilikuwaje?" Nikarudia yale yale yaliyofaulu. Nikarudishwa. Nikishindwa tena, masomo yote yameenda na maji.

Niliomba mpaka maneno yakaniisha. Jamani, nilichoka!

Profesa aliyenisimamia ana desturi yake: mwanafunzi aliyekwama sharti arudi kwao, akaueleze utafiti wake kwa Kiswahili. Nikasema moyoni, huyu mama ananipotezea wakati. Lakini nilikuja. Wengi wenu mlikuwepo Jumapili ile. Nilisimama hapa hapa, nikaanzia kwenye matokeo. Mama Akinyi, aliyekuwa kiongozi wetu wa kina mama, akainua mkono.

"Wewe Mueni, hapa mtu hatoi ushuhuda hivyo. Ulikwama wapi?"

"Mama, hiyo si muhimu sana."

"Ati si muhimu? Tuambie ulikwama wapi, ndio tujue umetolewa!"

Nyote mkaitikia "Amina!" Ndugu zangu, nikasema yote. Ukungu, kilio, vyote. Na nikiwa nasema, nikaielewa kazi yangu mwenyewe kuliko siku zote. Ule ukungu ndio ulionifundisha kuviotesha vijidudu vile! Hofu ikanitoka, nikaisikia ikitoka. Haleluya!

Niliporudi kwa watahini, niliwatolea ushuhuda kama wa hapa. Walipouliza, nilijibu. Mwishowe wakasimama, wakanipa mkono. Nilikimbia kuja kumwambia Mama Akinyi, nikakuta ametangulia mbele za haki. Hilo linaniuma hadi leo.

Sasa ninawafundisha wanafunzi wa uzamivu, vijana wenye akili kali, na wengi wanaficha walipokwama. Nawauliza swali la Mama Akinyi, na mara nyingi machozi hutangulia jibu.

Namshukuru Mungu, na ninyi nawashukuru, maana alinitoa kupitia kwenu. Na wewe uliyekaa hapo, unacheka na watu lakini ndani mambo hayaendi, mtumaini Yesu. Usingoje yanyooke ndipo uje mbele. Simama yakiwa hivyo hivyo, useme. Leo hatuna haraka, chai yenyewe bado haijachemka. Tutakungoja.